KUUTAWALA MOYO SI KUUFICHA



Maradhi yako ya namna mbili: yanayoonekana na yasiyoonekana. Mwenye homa hushikwa paji la uso akajulikana, na mwenye jeraha huonekana damu yake. Lakini yuko mtu anayeamka, akaoga, akavaa, akenda kazini au sokoni, akaamkia na kuamkiwa, akacheka wanapocheka wenziwe, kisha akarejea kwake hali moyo wake haukufikiwa na mtu hata mmoja. Ukimwuliza, "U hali gani?" hujibu, "Njema, alhamdulillahi." Na jawabu hilo ndilo pazia lake. Mtu huyu ana upweke, wala hapana amjuaye.

Katika darasa hii twataka kueleza mambo mawili na kiungo kilichoko baina yao. La kwanza ni upweke. La pili ni namna mtu anavyoutawala moyo wake anapopatwa na ghadhabu, huzuni, khofu au fedheha. Watu wengi wamelelewa tangu udogoni wakidhani kuwa kuutawala moyo ni kuuficha. Sisi twasema: kuutawala ni jambo jingine, na kuuficha ni jambo jingine, la kwanza humkaribisha mtu na wenziwe, na la pili humtenga nao. Na kutengwa huko huja kwa sura mbalimbali, kwa kadiri ya umri wa mtu.

UPWEKE NI NINI?

Faragha si upweke. Mtu akijitenga kwa khiari yake ili asome, asali au apumzike, hiyo ni faragha, nayo ni neema. Upweke ni ule uchungu anaouona mtu kwa kuwa mapenzi na usuhuba alionao ni mchache kuliko auhitajiao. Kwa ajili hiyo mtu aweza kulala peke yake chumbani asiwe mpweke, na mwengine akalala katika nyumba ya watu kumi na mbili akawa mpweke kupita kiasi.

Mtaalamu wa Kimarekani, Robert Weiss, katika kitabu alichokitoa mwaka 1973, aliugawa upweke mafungu mawili. Fungu la kwanza ni upweke wa kukosa mtu mmoja wa moyoni, mtu wa siri. Fungu la pili ni upweke wa kukosa kundi la kuingia ndani yake. Mjane ambaye nyumba yake imejaa jamaa katika siku za eda hakukosa kundi. Amemkosa yule mmoja. Na mwanafunzi aliyehamia mji mgeni pamoja na mkewe hakumkosa wa siri. Amekosa majirani, msikiti unaomjua jina, na wenzi wa kukaa nao jioni. Dawa ya mmoja haimponyi mwenziwe. Ndiyo maana watu humpelekea mjane wageni tele, wakastaajabu kuwa bado analia.

Mtaalamu mwengine, John Cacioppo wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyefariki mwaka 2018, aliufananisha upweke na njaa na kiu. Njaa humwambia mtu kuwa mwili wake wataka chakula, na upweke humwambia kuwa moyo wake wataka watu. Basi si aibu kuwa mpweke, kama ilivyokuwa si aibu kuona njaa. Lakini upweke ukidumu, moyo huingia wasiwasi ukawa kama mlinzi asiyelala. Mtu asiposikia akiitikiwa salamu, husema moyoni: "Huyu amenidharau." Asipoalikwa, husema: "Hawanitaki." Husahau kuwa mwenziwe huenda hakumsikia, au alikuwa na shughuli. Kisha naye hununa, wenziwe wakamwepuka, na dhana yake ikawa kweli kwa mkono wake mwenyewe. Hivyo ndivyo upweke unavyozaa upweke.

Wala asidhani mtu kuwa haya ni maradhi ya nchi za mbali, ambako kila mtu hufunga mlango wake asimjue jirani. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 yasema kuwa katika kila watu sita duniani mmoja ana upweke, na kwamba upweke wakadiriwa kuhusika na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Tena yasema kuwa katika nchi maskini wapweke ni kiasi cha watu 24 katika mia, na katika nchi tajiri ni 11. Basi wingi wa ndugu na ukaribu wa kuta havitoshi kuwa kinga.

NJIA MBILI

Hisia haiji kwa ghafula kama watu wadhanivyo. Kwanza hutokea jambo; kisha mtu hulifasiri jambo lile akilini mwake; kisha moyo huwaka; na mwisho uso na ulimi huonyesha. James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford, pamoja na wenziwe, wamechunguza kwa miaka mingi njia za watu katika kuitawala hisia, na mbili kati yao ndizo tuzitakazo hapa.

Njia ya kwanza ni kulitazama jambo upya kabla moyo haujawaka sana. Kijana ameomba kazi akanyimwa. Fikira ya kwanza humwambia: "Mimi si kitu." Akijizuia kidogo akasema, "Nafasi ilikuwa moja na waombaji walikuwa wengi, kukosa huku si hukumu ya thamani yangu," huzuni hupungua kutoka kwenye shina lake. Huku ndiko kuutawala moyo.

Njia ya pili ni kumeza. Kijana yule yule huacha fikira ya kwanza imwenee, moyo ukawaka, kisha akaufunga uso ili nyumbani wasijue. Moto uko ndani ile ile. Kilichozimwa ni moshi tu. Huku ndiko kuuficha.

Katika jaribio moja lililotangazwa mwaka 2003, wanawake wasiojuana walikalishwa wawili wawili, wakaonyeshwa filamu ya kuhuzunisha, kisha wakazungumza juu yake. Wengine waliambiwa waifiche huzuni yao. Mazungumzo yao yalikatikakatika na ukaribu haukuota, na ajabu ni kuwa hata yule aliyekaa mbele ya mwenye kuficha, asiyejua lolote, msukumo wa damu yake ulizidi. Na katika uchunguzi mwengine, wa mwaka 2009, wanafunzi walifuatwa walipoingia chuo kikuu. Wale waliokuwa na mazoea ya kumeza hisia zao waliambulia msaada mchache na usuhuba usiofika moyoni. Sababu yake ni wazi. Mtu hasaidiwi kwa jambo lisilojulikana, wala hapendwi kwa moyo alioufungia. Wazee wetu walisema: Mficha maradhi kifo humuumbua.

Huenda msomaji akasema: "Je, mwatutaka tuitupe staha yetu, kila mtu atoe machungu yake barazani?" La, hasha! Uchunguzi wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa kwa wale walioshika desturi za Asia, ambako kujizuia ni adabu, madhara ya kuficha hupungua. Nasi watu wa pwani twaijua adabu hiyo. Lakini tofauti ya staha na kuficha ni hii: mwenye staha huchagua wakati na mtu wa kumwambia; mwenye kuficha hana wakati wala hana mtu. Asemaye, "Si hapa, tutazungumza nyumbani," ana staha. Asemaye, "Sina neno," hapa na nyumbani na kaburini, huyo ameangamia.

SUBIRA SI KIMYA

Hapa yatupasa kulisawazisha neno moja lililopotoshwa, nalo ni subira. Mwanamke akifiwa huambiwa, "Subiri, usilie." Mtoto wa kiume akiumia huambiwa, "Mwanamume halii." Na wasemao hivyo hudhani kuwa wamefundisha dini.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi mbele ya watu, na alipoulizwa na swahaba aliyestaajabu alieleza kuwa machozi hayo ni rehema. Alichokizuia ni kusema lisilomridhi Mola, si kulia. Na kabla ya hapo, wahyi ulipomshukia mara ya kwanza, naye ni mtu mzima wa miaka arobaini, alirejea nyumbani hali anatetemeka, akamweleza Bibi Khadija khofu yake wazi. Naye Bibi Khadija hakumwambia, "Jikaze." Alimfunika, akamsikiliza, akamkumbusha wema wake, kisha akaenda naye kwa Waraqa, mtu mwenye ilimu.

Na akisema mtu: "Mbona Nabii Yaqub alimshitakia Mungu peke yake?" twamjibu: Kushitaki kwa Mungu si kuwaficha watu. Wanawe waliijua huzuni yake, waliisema mbele yake, na macho yake yalipofuka kwa huzuni hiyo. Na juu ya hayo yote yeye ni mfano wa subira njema. Basi subira ni kuuzuia mkono na ulimi na maovu, wala si kuufungia moyo ukaoza.

Wanazuoni wetu waliyajua haya zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu cha maslaha ya miili na nafsi, akawalaumu matabibu wanaotibu kiwiliwili wakaiacha nafsi. Akayataja maradhi ya nafsi kuwa ni ghadhabu, huzuni, khofu na wasiwasi. Akasema kuwa dawa yake ina milango miwili: mmoja wa ndani, nao ni fikira njema ambazo mtu huziweka akiba wakati wa utulivu, kama awekavyo dawa nyumbani kabla ya kuugua, na mwengine wa nje, nao ni maneno ya mtu mwengine anayemnasihi. Na mwenye wasiwasi alimkataza kukaa peke yake. Tazameni! Mlango wa ndani ni ule ule wa kulitazama jambo upya. Na mlango wa nje haufunguki ila kwa aliyesema lililomo moyoni mwake.

KILA UMRI NA UPWEKE WAKE

Watoto. Mtoto mdogo hawezi kuutawala moyo wake peke yake. Huazima utulivu wa mkubwa wake. Akiogopa akapakatwa na kuambiwa, "Umeogopa radi, nami niko hapa," hujifunza mambo mawili: kuwa kile akionacho kina jina, na kuwa jina hilo husemwa mbele ya mtu asidhurike. Akichekwa au akipigwa kwa kulia, hujifunza kinyume chake. Hunyamaza, na mzazi hufurahi kuwa ametulia, kumbe ameanza kujenga ukuta.

Vijana. Ripoti tuliyoitaja yaonyesha kuwa wapweke zaidi si wazee, kama watu wadhanivyo, bali ni vijana. Kati ya wenye miaka 13 hadi 29, wapweke ni kiasi cha 17 hadi 21 katika kila mia, na waliozidi ni wale walio chini ya ishirini. Huu ndio umri ambao moyo huwaka upesi, na kudharauliwa na wenzi huuma kuliko wakati wowote. Kijana aliyeko bweni, mbali na mama yake, akishindwa mtihani au akisimangwa, huona kuwa duniani hakufedheheka mtu kama yeye. Leo ana simu mkononi yenye mamia ya marafiki, na kila mmoja huonyesha humo harusi na safari, wala haonyeshi deni wala machozi. Basi hujilinganisha ndani yake na nje ya watu, na akajiona duni. Kijana huyu hahitaji hotuba ya saa nzima. Ahitaji mkubwa mmoja amwambiae, "Nami yalinipata, na yakapita."

Watu wazima. Uchunguzi mmoja wa mwaka 2024, uliokusanya tafiti tisa zilizowafuata watu kwa miaka mingi, uliona kuwa upweke huwa mkubwa ujanani, ukapungua katikati ya umri, kisha ukapanda tena uzeeni. Katikati ya umri mtu ana kazi, watoto na majukumu, amezungukwa. Lakini hapa pana mtego. Mwanamume hukaa barazani kila jioni, akazungumza siasa na mpira hadi usiku, na hapana mwenziwe ajuaye kuwa nyumba yake i karibu kunadiwa kwa deni. Mwanamke hushauriwa na mtaa mzima, naye hana wa kumshauri. Na aliyekwenda Ghuba kutafuta riziki hupiga simu akasema, "Mimi sijambo," ili mama asitaabike. Na mama naye humwambia, "Sisi hatujambo," ili mwana asitaabike. Wamependana, na wametengana mara mbili: kwa bahari, na kwa maneno.

Wazee. Laura Carstensen, naye wa Stanford, amefundisha kuwa mtu akiona muda wake uliobakia ni mfupi, hupunguza watu akawabakisha awapendao, na huacha magomvi yasiyo na faida. Kwa hiyo wazee wengi wana utulivu mkubwa kuliko vijana. Wamejua ni lipi la kujibiwa na ni lipi la kupuuzwa. Hii ni hekima, na vijana yawapasa kuja kuichota. Lakini kadiri duara inavyokuwa ndogo, ndivyo pengo la mmoja linavyokuwa kubwa. Hufa mke, hufa sahibu wa miaka hamsini, masikio huzibika hata mzee akaona haya kuuliza mara ya tatu, "Umesemaje?" akaamua kunyamaza na kutabasamu. Na ile hila yake ya kuepuka linaloumiza haimfai tena, kwa sababu mauti ya mkewe hayaepukiki. Hapo mlango wa ndani umemlemea, na wa nje hauna wa kuubisha. Watoto wakimletea chakula na dawa, wakaondoka kwa haraka, wameulisha mwili na wameuacha moyo na njaa.

DAWA YAKE

Wataalamu wa Chicago mwaka 2011 waliyakusanya majaribio mengi ya kuwatibu wapweke, wakayalinganisha. Yako yaliyowakutanisha watu, yako yaliyowafundisha adabu za kuzungumza, yako yaliyowapa misaada, na yako yaliyozirekebisha dhana mbaya ambazo mpweke huwadhania watu na kujidhania nafsi yake. Hayo ya mwisho ndiyo yaliyofaa zaidi. Kwa hiyo kufanya hafla na kuwajaza watu ukumbini hakutoshi. Twausia mambo manne.

Kwanza, mtu aijaribu dhana yake kabla ya kuihukumu. Akipitwa bila ya salamu, atafute sababu mbili njema kabla ya moja mbaya. Na akikosa, na amwendee mwenyewe amwulize kwa upole.

Pili, kila mtu awe na mmoja wa kumwambia kweli, na awe yeye mmoja huyo kwa mwenziwe. Asingoje siku ya msiba. Usuhuba hujengwa kwa mambo madogo, ili makubwa yakija yakute njia imekwisha pasuliwa.

Tatu, mwenye kuambiwa asikilize kwanza. Si kila machozi yataka fatwa. Mara nyingi mtu hunyamaza milele kwa kuwa siku alipofungua kinywa alikatizwa kwa mawaidha, au siri yake aliikuta barazani. Anayeitoa siri ya mtu hakumdhuru mmoja tu. Amewafunga vinywa wote waliosikia.

Nne, wazee na vijana wakutanishwe. Kijana ana moyo unaowaka na hana uzoefu wa kuutuliza. Mzee ana uzoefu huo na hana wa kumpa. Mjukuu akikaa na babu yake nusu saa kila siku, akamwuliza khabari za ujana wake, wametibiana wawili kwa dawa moja. Na huzuni ikizidi hata mtu akakosa usingizi na chakula kwa majuma, au akatamani kufa, na apelekwe kwa tabibu kama apelekwavyo mwenye homa, wala asionewe haya.

Ndugu zetu, tumejua kujenga nyumba zenye baraza mbele, ili mpita njia apate pa kukaa. Moyo nao wataka baraza yake. Si lazima kila apitaye aingizwe ndani. Lakini nyumba isiyo na mlango hata mmoja haiitwi nyumba.

MASUALA YA KUZUNGUMZA KATIKA DARASA

1. Ni nini tofauti ya faragha na upweke? Toa mfano wa kila kimoja katika mtaa wako.
2. Mtu aliyekasirishwa na nduguye, atajuaje kuwa anautawala moyo wake au anaumeza uchungu?
3. Mtoto akilia kwa khofu, ni maneno gani yamfundishayo ushujaa bila ya kumfundisha kuficha?
4. Mtaje moyoni, si kwa sauti, mzee mmoja ambaye hukumkalia kwa mwezi mzima. Utamwendea siku gani?